Shomoro wa Tano na Tiva wa Mafunjo

Ndege huyu ana faida gani? Swali hili hujitokeza katika vikundi vyetu vya kujifunza Biblia kila tunapofika mahali ambapo Maandiko yanataja ndege, na wanaouliza hawaulizi kwa dhihaka. Anayeuliza ni mtu aliyeamka alfajiri na jembe begani, ana watoto wa kulisha na deni dukani. Anataka kujua kama Kanisa linaposema habari ya kutunza uumbaji linasema naye yeye, au linasema na watalii wanaopita barabarani kwa magari. Mtu wa namna hiyo anastahili jibu la kweli, na jibu hilo halitakuwa jepesi.

Ili tusizungumze juu ya ndege kwa jumla tu, tumchukue mmoja. Katika mafunjo ya bonde la Kagera anaishi tiva wa mafunjo. Ni ndege mdogo mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu, utosi wa rangi ya dhahabu, na mstari mweupe katika bawa. Wataalamu humwita kwa jina lililotokana na milima ya Mufumbiro, ile ambayo leo wengi wanaiita Virunga. Husikika kabla ya kuonekana, maana hukaa ndani kabisa ya mafunjo, na kama tiva wengine, dume na jike huimba kwa kuitikiana, mmoja akianza na mwenzake akimalizia.

Duniani kote ndege huyu hapatikani isipokuwa katika nchi zetu hizi: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Na hata katika nchi hizo haishi msituni, wala migombani, wala katika mbuga. Anaishi katika mafunjo. Mafunjo yakichomwa na kung'olewa, hana pa kuhamia. Kwa sababu hiyo wanaochunguza hali ya ndege duniani wamewahi kumweka miongoni mwa wale wanaokaribia kuwa hatarini.

Sasa tazama upande wa pili. Mafunjo humea mahali ambapo udongo haukauki. Mwezi wa Julai na wa Agosti, vilima vya Ngara vinapokuwa vimekauka na majani ya migomba yameinama, bonde bado lina maji. Huko ndiko maharage ya kiangazi yanakostawi, na viazi vitamu, na kabichi za kupeleka mnadani. Na katika mabonde mengine, mpunga. Kwa mama aliyefiwa na mume, ambaye shamba la mlimani limegawanywa na ndugu wa marehemu, kipande cha bondeni chaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya watoto kula mara mbili kwa siku na kula mara moja. Mama huyo akifyeka mafunjo, tiva anakosa kiota. Mafunjo yakiachwa, mama anakosa maharage. Je, Neno la Mungu lina la kusema hapa?

Majibu matatu tunayoyasikia

Wengi wetu tunayo majibu tayari. La kwanza ni kwamba Mungu alimpa mwanadamu mamlaka ya kutawala ndege wa angani, kama tunavyosoma katika Mwanzo 1:28, na kwa hiyo neno limekwisha. La pili ni kwamba Bwana Yesu mwenyewe alisema sisi ni bora kuliko mashomoro wengi. La tatu halina mstari wa Biblia, ila linasemwa zaidi kuliko yote: kisicho na faida hakina haki ya kupewa nafasi.

Tuanze na la kwanza. Ni kweli mstari wa 28 unampa mwanadamu mamlaka. Lakini kabla ya kufika mstari wa 28 tunapita mstari wa 22. Siku ya tano, mwanadamu akiwa bado hajaumbwa, Mungu aliwabariki viumbe wa majini na ndege, akawaamuru wazae na kuongezeka. Baraka ile tunayoisoma kwenye arusi zetu ilitamkwa kwanza juu ya samaki na ndege. Sisi tuliipokea siku iliyofuata. Aliyebarikiwa wa pili hana ruhusa ya kufuta baraka ya aliyetangulia. Tena, baada ya gharika, katika Mwanzo sura ya 9, Mungu hafanyi agano na Nuhu na wanawe peke yao. Anawataja waziwazi ndege na wanyama waliotoka katika safina. Upinde ule unaoonekana juu ya Ruvubu mvua inapokatika ni ishara ya agano ambalo na tiva yumo.

Kutawala, basi, kunaeleweka kwa kumtazama Yeye aliyetupa utawala huo. Mfalme wetu alitawala kwa kuosha miguu. Hakuna mahali popote katika Injili ambapo mamlaka ya Kristo ilikuwa na maana ya kuwaondoa walio wadogo ili apate nafasi.

Yule wa nyongeza

Jibu la pili linahitaji tulisome kwa utulivu, maana limetumiwa vibaya mara nyingi. Katika Mathayo 10:29 Bwana anasema habari za mashomoro wawili wanaouzwa kwa senti moja. Katika Luka 12:6 ni watano kwa senti mbili. Mtu yeyote aliyewahi kununua nyanya au dagaa kwa mafungu ataona hesabu hiyo mara moja. Wawili kwa senti moja, wanne kwa senti mbili. Yule wa tano anatoka wapi? Ni nyongeza. Muuzaji amemtupia mnunuzi ili arudi tena kesho. Hana bei hata kidogo.

Na ni juu ya huyo, pamoja na wenzake, kwamba Yesu anasema hakuna hata mmoja anayesahauliwa mbele za Mungu.

Baada ya hapo ndipo anapowaambia wanafunzi wasiogope, kwa kuwa wao ni bora kuliko mashomoro wengi. Angalia jinsi faraja hiyo ilivyojengwa. Bwana hasemi kwamba ndege si kitu na sisi ni kitu. Anasema: ndege mnayempata bure bado anahesabiwa na Baba, je, ninyi? Ukiondoa sehemu ya kwanza, ya pili inaanguka. Kama Mungu hamjali shomoro, basi kuwa bora kuliko shomoro hakumfariji mtu yeyote. Mimi nikiwa bora kuliko kitu kisichohesabiwa, bado sijui kama nimehesabiwa. Kwa hiyo anayetumia neno hili kuwadharau ndege anakata tawi alilokalia yeye mwenyewe. Siku atakapolazwa hospitalini, amekonda, hana wa kumtembelea, atahitaji sana iwe kweli kwamba Mungu humjali hata yule wa nyongeza.

Swali la faida

Hapa tunafika kwenye jibu la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: kisicho na faida hakina haki ya nafasi.

Mtu anaweza kulijibu kwa kuonyesha faida, na faida zipo. Mafunjo anamoishi tiva hupunguza kasi ya maji ya mvua, hushika tope linaloteremka kutoka mashambani, na kuyaachia maji yakiwa safi zaidi. Mto Kagera ndio mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Victoria. Maji yanayopita Rusumo yanafika ziwani, na kutoka ziwani yanaingia Nile hadi Misri. Wavuvi na wanywaji wengi wanategemea mafunjo ambayo hawajawahi kuyaona. Wanawake wetu wanasuka mikeka kwa mafunjo na kuezekea vibanda. Kule Misri, kwenye mto huohuo, mama yake Musa alimficha mtoto wake katika kisafina cha mafunjo, kama Kutoka sura ya 2 inavyosimulia. Hata Injili tunayoisoma ilitufikia kwa njia ya mafunjo: vipande vya kale zaidi vya Agano Jipya vilivyobaki hadi leo vimeandikwa juu ya karatasi zilizotengenezwa kwa mmea huu. Na katika nchi ya Misri, iliyoutumia kuliko nchi zote, mafunjo ya mtoni yalitoweka karibu kabisa.

Hayo yote ni kweli, na ni vema tuyafundishe. Lakini tukiishia hapo tumekubali kanuni ya muulizaji. Tumekubali kwamba kila kiumbe lazima kisimame mbele yetu na kutoa hesabu ya manufaa yake, ndipo tukiruhusu kuishi. Mafunjo yana utetezi mzuri. Tiva mwenyewe anao mdogo: anakula wadudu, anaimba. Akitoweka kesho, maji ya Kagera yatapita vilevile, na bei ya maharage haitabadilika.

Kanuni hiyo ikishaingia nyumbani haikai kwenye ndege tu. Leo tunamuuliza tiva ana faida gani. Kesho tutamuuliza bibi aliyepofuka, ambaye hawezi tena kupalilia wala kulea wajukuu. Kesho kutwa tutamuuliza mtoto aliyezaliwa na ulemavu. Katika jamii zetu tumekwisha kuona wazee wakitazamwa kama mzigo, na tumeona watu wenye ualbino wakiwindwa na watu waliojiuliza ni faida gani inaweza kupatikana katika miili yao. Sisemi kwamba anayefyeka mafunjo ni sawa na mwuaji. Nasema swali la faida, likiachwa liwe swali la kwanza na la mwisho, halijui mahali pa kusimama.

Sisi Walutheri tungepaswa kuwa wa kwanza kulitambua. Kiini cha mahubiri yetu ni kwamba mtu hahesabiwi haki kwa kazi zake. Mungu hakutuuliza tuna faida gani kabla ya kutupa Mwanawe. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza sehemu ya kwanza ya Imani, anakiri kwamba Mungu amemwumba yeye, na papo hapo anajiweka katika kundi moja na viumbe wote. Kisha anaorodhesha mema yote aliyopewa, na anasema alipewa kwa wema wa Baba tu, bila yeye kustahili. Hatusemi kwamba ndege wanahitaji kuhesabiwa haki, hawakutenda dhambi. Tunasema kwamba mtu anayeishi kwa neema kila asubuhi si mtu wa kumdai tiva matendo yake.

Luther mwenyewe alilijua jambo hili hata kwa mzaha. Mwaka 1534, huko Wittenberg, mtumishi wake Wolfgang Sieberger alinunua nyavu kuukuu ili awanase ndege. Luther akaandika barua ya malalamiko kwa niaba ya ndege hao, wakimshitaki Wolfgang kwamba anawanyima uhuru aliowapa Mungu wa kuruka angani na kuokota nafaka ardhini. Ni barua ya kuchekesha, ya bwana anayemtania mtumishi wake. Lakini ndani ya utani huo ndege wanaongea kama viumbe wenye haki waliyopewa na Muumba, na daktari wa theolojia anakubali kuwa karani wao.

Sheria ya kiota

Je, basi tusiguse kitu? Sivyo. Biblia si kitabu cha watu wasio na njaa. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 kuna sheria fupi ambayo watu wengi huipita bila kuiona. Mtu akikuta kiota njiani, na mama amelalia mayai au makinda, anaweza kuchukua makinda, lakini mama lazima amwache aende. Halafu inafuata ahadi: upate heri, na siku zako ziwe nyingi. Hiyo ni ahadi ileile iliyofungwa na amri ya kuwaheshimu baba na mama. Torati inaweka heshima kwa mzazi wako na huruma kwa ndege mzazi chini ya baraka moja.

Sheria hii haimkatazi mwenye njaa kula. Inamkataza kula kesho. Chukua unachohitaji, lakini usiharibu chanzo. Wasukaji wa mikeka wanaijua hekima hii kwa mikono yao: mafunjo yakikatwa mabua na shina likaachwa majini, huchipua tena; yakichomwa na kung'olewa na mfereji ukachimbwa kukausha bonde, hayarudi. Katika Ayubu 8:11 Bildadi anauliza kama mafunjo yanaweza kumea mahali pasipo matope. Anauliza kama mtu anayejua kwamba kila mkulima wa bondeni anayo jibu. Kata mabua, acha shina. Hiyo ndiyo Kumbukumbu la Torati 22 kwa lugha ya bonde letu.

Haja na tamaa

Watu wa Ngara hawahitaji kufundishwa haja ni nini. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba wapatao 250,000 walivuka ndani ya takriban siku moja. Benaco ikawa mji kabla watu hawajajua jina lake. Kila familia ilihitaji kuni za kupikia na miti ya kujengea, na vilima vilivyoizunguka vikabaki vitupu. Nani angeweza kusimama pale na kumwambia mama mwenye mtoto mgongoni asikate mti? Mti ule, siku ile, ulikuwa uhai wa mtu. Naamini Mungu aliyeumba mti hakumhesabia mama yule hatia.

Lakini haja ya siku ile si kibali cha siku zote. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996, na shoka halikupumzika. Leo anayekata mti kwa ajili ya mkaa wa kupeleka mjini kwa lori, na anayekausha bonde zima kwa pampu na vibarua huku anazo ekari nyingine kilimani, wote wawili husema maneno ya mkimbizi: tutakula nini? Dhambi hapa ni kuvaa nguo ya maskini ili kufanya kazi ya tajiri. Kanisa lazima lijifunze kutofautisha sauti hizo mbili, na lisiwakemee wote kwa mahubiri mamoja.

Wenzetu wa mbali

Kuna mfano kutoka Marekani ambao unatusaidia kuona kwamba kutunza ndege ni kazi, tena ni kazi yenye gharama. Katika jimbo la Michigan kuna ndege mdogo mwimbaji, mwenye kifua cha manjano na uzito wa gramu kama 14, aliyepewa jina la Jared Kirtland, daktari wa Ohio. Kama tiva wetu, naye ni mchaguzi: hujenga kiota chake chini, karibu tu na misonobari michanga ya aina moja, ile inayoota upya baada ya moto kupita. Watu walipofaulu kuzima moto wa misitu, misonobari ikazeeka, na ndege akakosa pa kutagia. Walipohesabu madume waliokuwa wakiimba mwaka 1974, walikuwa 167. Mwaka 1987 walihesabiwa tena 167.

Watu wakaamua kutomwacha. Wakapanda misonobari kwa mikono, wakaikata kwa zamu ili daima kuwe na miti michanga mahali fulani. Mwaka 2019 ndege huyo aliondolewa katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Jozi zilikuwa zimepita 2,000. Hata hivyo kazi haikuisha. Watu wakiacha kupanda, atapungua tena.

Lakini habari hii ina sehemu nyingine, na ni haki tuiseme. Tarehe 5 Mei 1980, moto uliowashwa kwa makusudi ili kumtengenezea ndege huyo makazi uliwaponyoka waliouwasha. Mfanyakazi mmoja wa misitu alikufa, na nyumba za watu ziliteketea. Baadaye, katika ardhi ile iliyoungua, misonobari iliota kwa wingi na ndege wakaongezeka. Je, tuseme basi ilikuwa faida? Hapana. Hakuna mizani ambayo upande mmoja unawekwa mwanadamu na upande wa pili ndege, kisha mtu akasoma matokeo na kuridhika. Bwana alisema sisi ni bora kuliko mashomoro wengi, na neno hilo bado linasimama. Anayewatunza viumbe hawezi kumkanyaga mwanadamu njiani na bado akadai anamtumikia Muumba.

Nani alipe?

Hapo ndipo tunarudi kwa yule mama mjane wa bondeni. Sheria ya nchi ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mipaka ni jambo jema. Lakini mipaka ina tabia ya kumwangukia kwanza yule asiye na wa kumsemea. Mwenye pampu anajua ofisi ya kwenda. Mjane anajua tu kwamba maharage yake yameng'olewa.

Tukimwambia mama huyo aache bonde kwa ajili ya ndege wa Mungu, kisha tukaenda nyumbani kula, tumefanya alichokikemea Yakobo katika sura ya 2 ya waraka wake: kumwambia mtu aende kwa amani, ashibe, bila kumpa chochote. Mzigo wa tiva ni wa usharika mzima. Kwa hiyo nasema mambo machache ambayo wazee wa Kanisa wanaweza kuyajadili bila kusubiri mradi kutoka nje.

Mitaa yetu mingi ina ardhi, na sehemu yake imekaa bila kulimwa. Kabla ya kumhubiria anayelima ukingoni mwa mto, tumpimie kipande katika ardhi hiyo, akitumie mpaka watoto wake wakue. Vikundi vya kuweka na kukopa vimkopeshe mbegu bila riba kwa msimu wa kwanza. Wasukaji mikeka wasichukuliwe kama waharibifu, kwa maana ndio wanaojua kukata mabua na kuacha shina. Wao wawe walimu wetu. Na msharika mwenye uwezo aliyekausha bonde aambiwe ukweli kwanza kabisa, hata kama bahasha yake ya ahadi ndiyo nene kuliko zote. Kama hatuwezi kumwambia yeye, tusimwambie mjane.

Najua msomaji mmoja atasema: mchungaji, haya yote kwa ajili ya ndege ambaye sijamwona? Ndiyo, na pia kwa ajili ya mjane. Wote wawili wameulizwa swali moja na dunia hii, kwamba wana faida gani, na wote wawili wameandikwa mahali pamoja. Nabii Yona alipokasirika kwa sababu Ninawi haikuangamizwa, Mungu alimtajia watu wengi waliomo mjini, na katika neno la mwisho kabisa la kitabu hicho akamtajia na wanyama wengi. Kitabu kinaishia hapo bila kutuambia Yona alijibu nini.

Sikukuu ya mavuno itakapofika, tutaleta madhabahuni ndizi, maharage, kahawa, kuku na mayai. Mtunga Zaburi ya 84 alimwona shomoro akijipatia nyumba karibu na madhabahu ya Bwana, na hakumfukuza, alimwonea wivu. Tutakapoombea mazao tuliyopewa, tuombee pia bonde tulilolikuta, na wote wanaoishi ndani yake. Kisha ibada ikiisha, wazee wabaki kidogo, wafungue daftari la ardhi ya mtaa, waone ni kipande gani kilicho tupu.